Barua Tatu za Uhamisho

Ijumaa ile niliingia ofisini saa moja na robo, mfagizi hajamaliza hata korido, kwa sababu nilijua nikichelewa kidogo tu nitaahirisha tena. Jumatatu nilikuwa nimeahirisha. Jumanne nilifika mpaka mlangoni kwa bosi, nikamsikia anamfokea mtu kwenye simu, nikageuka kama mtu aliyesahau kitu mezani. Jumatano na Alhamisi nilijitafutia kazi za nje, nikazunguka magereji kukagua magari ambayo yangeweza kabisa kusubiri wiki ijayo.

Bosi wetu, meneja wa madai, tulimwita Mama Mhuri. Si mbele yake, bila shaka. Katika kampuni yetu ya bima hakuna karatasi iliyotoka bila mhuri wake, iwe ni fidia ya basi lililopinduka au ruhusa ya kwenda kumzika shangazi. Mhuri wenyewe aliufungia kwenye droo, na ufunguo wa droo alitembea nao shingoni kama wenzake wanavyovaa mkufu.

Mimi, binti wa mshona mapazia, nilikuwa mkaguzi wake wa magari yaliyogongwa. Kazi yangu ilikuwa kulala chini ya magari na kurunzi, kupapasa chasisi, kupima mikunjo ya milango, kisha kuandika kama ajali ilitokea jinsi mwenye gari alivyoeleza au kama alitupikia hadithi. Nilikuwa na miaka sita katika kazi hiyo, na niliiweza. Na hilo ndilo lililokuwa tatizo langu.

Kwa miezi minne nilikuwa nimeandika barua tatu za kuomba uhamisho kwenda tawi letu la milimani, mwendo wa saa sita kwa basi. Katika ya kwanza nilijieleza kwa kirefu na kwa adabu. Katika ya pili niliongeza kwamba niko radhi hata kushushwa cheo. Ya tatu ilikuwa na mistari minne tu, na neno "naomba" lilikuwemo mara tatu. Hakuna hata moja iliyojibiwa.

Na huko milimani ndiko alikokuwa Mwalimu.

Nilimkuta kazini, miaka miwili nyuma. Lori lilikuwa limegonga ubavu wa basi la shule ya watoto viziwi, na dereva wa lori aliapa kwa viapo vyote kwamba basi ndilo lililomfuata alipokuwa ameegesha. Nilipomaliza kupima nikasimama nimeshika kiuno, nikitafuta shahidi. Mwanamume mmoja mrefu, shati lake limejaa vumbi la chaki, akaniuliza taratibu, "Hao umewauliza?"

Akanionyesha watoto kumi na mmoja waliokaa ukutani wakinitazama.

"Walikuwa dirishani," akasema. "Wameona kila kitu. Ila watu wote waliofika hapa wameniuliza mimi, ambaye sikuwepo."

Basi nikawauliza, yeye akitafsiri. Msichana mmoja mwenye pengo la meno alinisimulia ajali nzima kwa mikono yake, jinsi lori lilivyorudi kinyumenyume huku dereva akichezea simu, na alipofika pale pa kugongana akapiga viganja mpaka nikashtuka. Mwalimu hakuongeza neno lake hata moja. Alipomaliza aliniangalia mimi, akaona nimeamini, na macho yake yakatulia. Niliandika ripoti yangu nikapanda basi kurudi nyumbani, na njia nzima sikuona hata mti mmoja. Niliona macho yale.

Miaka miwili ya simu, na ya mabasi ya Ijumaa jioni na Jumapili mchana. Angekuja kwangu, ningefurahi. Lakini katika mji wao hakuna mwalimu mwingine anayejua kufundisha kwa lugha ya alama. Mimi ningeweza kukagua bampa lililopasuka popote duniani. Yeye wale watoto angemwachia nani?

Ndiyo maana nikaomba mimi. Na ndiyo maana Jumapili iliyopita aliponiuliza lile swali, liliniingia kama msumari.

"Niambie ukweli," alisema kwenye simu. "Hiyo barua uliiandika kweli?"

"Barua tatu."

"Barua tatu, miezi minne, na hakuna aliyekujibu hata hapana?"

"Hakuna."

Kisha akasema polepole, "Kama hutaki kuja, sema hutaki. Nitaumia, lakini angalau nitajua nimesimama wapi."

"Unaniita mwongo?"

"Naogopa tu."

"Basi ogopa vizuri," nikamwambia, nikakata simu.

Tangu siku hiyo hakupiga. Na mimi, kwa kiburi changu, sikupiga. Siku tano. Yeyote aliyewahi kupendana na mtu wa mbali anajua siku tano ni nini.

Saa mbili kasoro nikasikia viatu vya Mama Mhuri vinakuja koridoni. Nikainuka.

"Bosi, naomba dakika tano."

"Kama ni ile pikapu nyekundu, mwenye gari nimeshamwambia asubiri."

"Si pikapu. Ni mimi."

Alinitazama juu ya miwani yake, akafungua mlango. "Ingia. Ufunge."

Hotuba niliyokuwa nimeikariri tangu Jumatatu iliyeyuka yote. Nilibaki nimesimama katikati ya zulia nikishika mkono wangu mwenyewe.

"Bosi, nimefanya kazi chini yako miaka sita," nikaanza. "Sijawahi kuchelewesha ripoti. Sijawahi kukuomba kitu. Nimeomba kimoja tu, na sijajibiwa. Leo sitoki humu bila jibu. Hata kama ni hapana, nipe hapana yangu niondoke nayo."

Nilitegemea anifokee. Hakunifokea, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alivua miwani, akaufikia ule ufunguo shingoni, akafungua droo. Akatoa jalada jembamba akaliweka mezani na kulisukuma kuelekea kwangu.

"Fungua."

Zilikuwemo barua zangu tatu, zimebanwa pamoja. Chini yake palikuwa na ya nne, ambayo sikuwahi kuiona. Ilitoka kwa meneja wa tawi la milimani. Nilisoma mstari wa kwanza, nikarudia. Walikuwa wakiniomba. Walikuwa wanamtaka mkaguzi mwenye uzoefu haraka iwezekanavyo, na jina lililoandikwa pale lilikuwa langu. Barua ilikuwa na umri wa wiki saba.

"Wananitaka," nikasema.

"Wanakutaka sana. Wamepiga simu mara mbili."

"Wiki saba, bosi! Kwa nini?"

"Kaa kwanza."

"Sitaki kukaa."

"Kaa, mwanangu. Ninalotaka kukwambia si la kusikia umesimama."

Hakuwahi kuniita mwanangu. Nikakaa.

"Mama yako alikuja hapa," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Siku ile ulipokwenda kukagua lori la mafuta. Alifika saa tatu asubuhi akakaa mapokezi mpaka saa saba mchana. Maji alikataa. Nilipomwingiza hakulia, hakupiga magoti. Alisema hivi: 'Nina mabinti wawili na baba yao hayupo. Wa kwanza alimfuata mume mbali. Alirudi baada ya miaka miwili na begi moja, na mpaka leo ukimuuliza jambo anajibu kwa kichwa. Huyu wa pili anataka kwenda mbali vilevile. Mimi siwezi kumkataza, ameshakuwa mtu mzima. Lakini wewe unaweza kukaa tu na hiyo barua.'"

Mama yangu, ambaye kila jioni aliniuliza, "Vipi, wamekujibu?" na nikisema bado, anasema, "Pole, mwanangu."

"Nawe ukakubali," nikasema.

"Nami nikakubali." Alizungusha miwani vidoleni. "Nina binti ng'ambo. Namwona kwenye simu, tena nusu ya paji la uso, maana mpaka leo hajui kuishika sawasawa. Mama yako alipoongea nilijisikia mimi. Lakini nisijisafishe mbele yako. Wakaguzi ninao watano, na wanne kati yao wakiona gari limekunjika wanaandika 'limekunjika', basi. Nilikuwa natafuta kisingizio cha kukubakiza. Mama yako akaniletea, nikakikumbatia."

"Si haki, bosi."

"Si haki. Nimekukosea, na Jumanne ulipofika hapo mlangoni nilikuona miguu, nikajua unakuja kudai, nikamfokea mtu kwenye simu ili usiingie. Nisamehe."

Sikujua la kufanya na msamaha wa Mama Mhuri. Hakuna mtu ofisini aliyewahi kuombwa radhi na yeye.

"Sasa nenda kwanza ukaongee na mama yako," akasema. "Mkishaelewana, uje..."

"Hapana." Nilishangaa nilivyolitamka. "Gonga mhuri kwanza. Nitaongea na mama, lakini nitaongea naye barua ikiwa mkononi. Nikitoka hapa mikono mitupu, atanilainisha, nitarudi kuandika barua ya nne."

Aliniangalia kidogo, kisha bega lake likaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Akaweka barua yangu ya tatu mbele yake, ile fupi, akaandika "Nimeidhinisha, kuanzia tarehe mosi", akatia sahihi, akagonga mhuri kwa nguvu mpaka kikombe kikaruka.

"Utaripoti tarehe mosi. Una siku kumi na tisa za kumfundisha mmoja wa wale wanne tofauti ya kutu na mgongano. Hii shika; idara ya utumishi nitawapelekea nakala mwenyewe sasa hivi, kabla sijabadili mawazo. Leo usirudi." Nikiwa mlangoni akaniita. "Na usimgombeze sana. Alikuja hapa na viatu vya kutokea, vinambana. Nilimwona akivivua chini ya meza."

Nilishuka ngazi nikiwa sizihisi. Kitu cha kwanza nilichofanya nje ya geti ilikuwa kumpigia Mwalimu. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikapiga tena, ikawa vilevile. Mwalimu hakuwa mtu wa kuzima simu. Furaha yangu ikapungua nusu palepale, kwani barua yenye mhuri ina maana gani kama mtu uliyeiomba kwa ajili yake ameshakata tamaa?

Mama alikuwa na chumba cha kushonea mapazia mtaa wa tatu kutoka ofisini. Mlango mpana, vyerehani vitatu, meza ndefu ya kukatia ambapo dada yangu alisimama kutwa na mkasi na chaki. Niliwakuta kila mmoja kwenye kazi yake, kitambaa cha kijani kimetandazwa sakafuni kama majani.

Mama aliniona na mguu wake ukasimama kwenye pedali. "Mbona saa hizi? Unaumwa?"

Nikaiweka barua juu ya cherehani, mhuri ukitazama juu.

Aliisoma bila kuigusa. Kisha akashika tena kitambaa chake, akakinyoosha, ingawa hakikuwa na mkunjo.

"Kwa hiyo amekwambia," akasema.

"Mama, miezi yote hiyo unaniuliza wamenijibu? Unanipa pole?"

"Pole ilikuwa ya kweli. Nilikuwa nakuonea huruma."

"Huruma ya kitu ulichonifanyia wewe mwenyewe!"

"Ndiyo!" Alipandisha sauti mara moja tu. "Ndiyo, mimi. Na kama yule mama angekuwa na msimamo, ningefanya tena. Wewe hukuwepo stendi siku dada yako anarudi. Mimi nilikuwepo. Nilimpita, unasikia? Nilimpita mwanangu wa kumzaa, sikumjua, mpaka aliponishika kanga."

Tulikuwa tumezoea, katika nyumba yetu, kumzungumzia dada kama hayupo, na yeye alikuwa amezoea kutokuwepo. Lakini safari hii nikasikia mkasi unawekwa mezani.

"Mama," dada akasema.

Sote tuligeuka.

"Mimi sikuharibiwa na umbali. Niliharibiwa na mtu. Hata angekuwa anakaa nyumba ya pili kutoka hapa, ningerudi vilevile. Tena ningerudi mapema zaidi, basi." Alikuwa anakunja kona ya kitambaa na kuikunjua. "Yule mume wangu, katika miaka miwili, hakuwahi kunisogelea hata hatua moja. Mimi ndiye niliyekuwa natembea. Ukitaka kumpima huyu wa mdogo wangu, mpime kwa hilo. Usimpime kwa mabasi."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema tangu mwaka uanze. Nami nilikuwa nimesahau hasira yangu ilikuwa wapi.

Hapo ndipo kivuli kikaziba mwanga wa mlangoni.

"Hodi," sauti ikasema. "Shikamoo, mama."

Niliijua sauti kabla sijamwona. Alikuwa amesimama kizingitini, mrefu vilevile, begi dogo begani, macho mekundu ya mtu aliyepanda basi usiku wa manane na kukaa dirishani njia nzima. Alimsalimia mama, akamsalimia dada, lakini alikuwa ananitazama mimi, na katika kutazama kule zilikuwemo siku zote tano.

"Marahaba," mama akajibu, kwa sababu adabu haimtoki hata akikasirika. "Karibu" hakusema.

"Simu yako imezimwa," ndilo neno la kwanza nililompa. Siku tano zote za kumkosa, na hilo ndilo nililolipata.

"Iliishiwa chaji. Nilikuwa nakuandikia ujumbe na kuufuta tangu stendi ya kule." Akapiga hatua moja ndani. "Nimepitia ofisini kwako. Nimekutana na bosi wako pale chini. Ameniuliza, 'Ni wewe?' Nikasema nadhani ni mimi. Akanitazama toka unyweleni mpaka kwenye viatu, akasema, 'Hm.' Kisha akaniambia barua zako zote tatu alikuwa nazo yeye, akanielekeza hapa." Akameza mate. "Nilikushuku. Ulikuwa unasema kweli na mimi nikakushuku. Sina cha kujitetea. Nisamehe."

Nilitaka kumwambia nimeshamsamehe tangu hodi. Lakini dada alikuwepo, mama alikuwepo, nami nina aibu zangu. Nikasema tu, "Nawe umekaa kwenye basi saa sita nzima kuja kuomba msamaha?"

"Hapana. Hilo la msamaha nimelijua pale ofisini. Nilikuja na jambo jingine."

Akatoa bahasha kwenye mfuko wa shati. Haikuwa imefungwa. Akanipa mimi, lakini mama alinyoosha mkono, na kwa jinsi alivyounyoosha hakuna kati yetu aliyethubutu kumnyima. Alivaa miwani yake ya kushonea akasoma kwa sauti, polepole, akifuata mistari kwa kidole.

"'Naomba kuhamishiwa shule yoyote iliyo karibu na...' Unaomba kuhamia huku?"

"Ndiyo, mama."

"'Kwa sababu za kifamilia.'" Akamtazama juu ya miwani. "Familia gani?"

"Hii, mama. Kama itanikubali."

Dada akageuka kutazama ukuta. Mimi nikaketi juu ya marobota ya kitambaa.

"Na wale watoto wako?" mama akauliza. "Huyu hunihadithia. Kumi na mmoja, si ndiyo?"

"Sasa ni kumi na wanne."

"Nani atawafundisha?"

"Sijui bado." Alisema ukweli, na ukweli ulimuuma, tuliuona wote. "Leo mwalimu mkuu amekaa nao, anawachorea tu. Anajua alama mbili: 'kaa' na 'kula'. Barua sijaipeleka. Nilitaka aione yeye kwanza. Nilifikiri, kama yeye ameshindwa kuja, basi mimi ndiye nisogee. Siwezi kuendelea kumpenda kwa simu."

Nilimtazama mama. Yeye alikuwa anaitazama barua. Na nikaelewa, kwa woga, kilichokuwa mkononi mwake. Kila alichokitaka kilikuwa pale. Angesema tu, "Vyema, mwalimu, ipeleke," na mimi nisingeondoka. Ningebaki mtaa wa tatu kutoka kwake maisha yangu yote, tena na mume. Na sehemu yangu moja ilikuwa imechoka kiasi kwamba ingekubali.

Nje mtu alipita akisukuma toroli, magurudumu yakalia mpaka yakapotea. Mama akaikunja mara mbili, pindo juu ya pindo kama anavyokunja vitambaa, akairudisha kwenye bahasha.

"Hii usiipeleke," akasema.

"Mama?"

"Nimesema usiipeleke. Watoto kumi na wanne wabaki na mtu wa 'kaa' na 'kula' kwa sababu ya mwanamke mmoja mwoga? Mimi si mtu wa namna hiyo. Nimekuwa mtu wa namna hiyo miezi michache, na imetosha." Akamrudishia. Kisha akanigeukia. "Utakwenda. Tarehe mosi si ndiyo imeandikwa? Basi tarehe mosi. Na ulilonitendea mimi... la, nililokutendea mimi, tutaliongea tukiwa wawili, siyo mbele ya mgeni. Mwalimu, mbona umesimama? Hawakai kwenu? Mpe mwenzio kiti, wewe."

Dada ndiye aliyemsogezea kiti. Alipopita karibu yangu alinifinya bega, kwa nguvu, kama tulipokuwa wadogo.

Mwalimu alikaa ukingoni mwa kiti kama aliyeitwa kwenye usaili. Mama alishachukua daftari lake la kazi na kalamu.

"Nyumba yako ina madirisha mangapi?"

"Madirisha?"

"Madirisha. Ya kuingizia mwanga."

"Matatu... manne, na la jikoni."

"Upana?"

Akanitazama mimi kuomba msaada. Nikainua mabega.

"Sijui, mama."

"Hujui upana wa madirisha yako, na unataka kuoa." Alitikisa kichwa akimwambia dada, "Hajui." Na dada akasema, "Ndivyo walivyo," na mara nikacheka. Nilianza kucheka na nikashindwa kuacha, nikacheka mpaka machozi yakaja, na machozi yalipokuja hayakuwa tena ya kucheka. Mwalimu akainuka.

"Unalia nini sasa?"

"Sijui. Nimepumua tu."

Mama akasema bila kuinua uso kutoka kwenye daftari, "Mtoe nje akapate hewa. Mlango ubaki wazi."

Tulikaa kwenye benchi la barazani, jua la asubuhi likituangukia miguuni. Hakunishika mkono mara moja. Aliuweka wake kwenye benchi kati yetu, kiganja juu, akasubiri. Nikaweka wangu.

"Siku kumi na tisa," nikasema.

"Nitazisubiri. Nimesubiri zaidi ya hizo."

"Ukinishuku tena?"

"Nitakuja kukuuliza uso kwa uso. Nitakuwa nalala chumba kimoja nawe, sitahitaji nauli."

Nilimpiga kwa bega. Kukaa pale kulikuwa kutamu kuliko simu zote za miaka miwili, kwa sababu hakuna aliyekuwa akihesabu dakika. Kesho angekuwepo. Keshokutwa angerudi kwa watoto wake, na kwa mara ya kwanza kuagana stendi kusingekuwa na maumivu yale ya kuchomoa kitu kifuani.

"Mwalimu!" mama aliita kutoka ndani. "Hebu njoo. Nikija huko kuwatembelea, wale watoto nitawasalimiaje?"

Aliingia, nami nikabaki kizingitini. Alisimama mbele ya cherehani akamwonyesha kwa mkono wake, mara moja, taratibu. Mama akajaribu. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa miaka ya sindano, na mara ya kwanza vilikwenda upande.

"Hapo amewaambia nini?" dada akauliza.

"Umewaambia 'ndizi'," Mwalimu akasema kwa adabu zote.

"Ndizi!" Mama alijisahihisha, akarudia, akakosea tena, akamzuia Mwalimu alipotaka kumsaidia. "Acha. Acha nishike mwenyewe. Sitakwenda kwa watu nikawaamkie ndizi." Akajaribu mara ya tatu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama anapotunga uzi. Safari hii mkono ukakaa.

"Ndiyo hiyo, mama," Mwalimu akasema. "Hiyo wataielewa wote."

Mama akaugeuza uso kwangu pale mlangoni, akainua mkono, akanisalimia kwa lugha ile mpya. Nikamwitikia vilevile, kwa mkono.